Mkanda Kwanza, Sensa Baadaye: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari la Kijapani Lililotumika

Ingia yadi yoyote ya magari Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, uliza gari la Kijapani la mwaka 2016 au 2017, na kabla hujatajiwa bei utaonyeshwa kile kidude cheusi kilichobandikwa juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. "Hili linafunga breki lenyewe, bosi." Muuzaji hasemi uongo. Ila hatakuonyesha mikanda ya siti ya nyuma, kwa sababu mara nyingi vifungio vyake vimefukiwa chini ya kava mpya za ngozi, na pengine hata yeye hajui vilipo.

Ndiyo maana naanza na mkanda. Sensa za magari haya, yaani kamera, leza na rada zinazotazama barabara, ni kitu cha maana, na zinapunguza kweli ajali za kugonga gari la mbele. Lakini sensa lazima ione ndipo ifanye kazi. Mkanda hauhitaji kuona chochote: giza, vumbi, mvua ya masika, lori lililoharibika katikati ya barabara bila taa, kwake yote ni mamoja. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Breki inapojifunga yenyewe, hakuna aliyejiandaa. Dereva hajakanyaga, abiria wa nyuma yuko kwenye simu, gari linasimama na yeye anaendelea kwenda mbele. Gari lenye akili linadai mkanda kuliko gari la zamani.

Kagua mikanda yote, siti moja baada ya nyingine

Fanya kazi hii mchana, gari likiwa limesimama, milango wazi.

Anza na siti ya nyuma, maana ndiyo inayosahaulika. Ingiza mkono kati ya mgongo wa siti na makalio yake utafute vifungio. Kama kava zimeshonwa juu yake, mrudishie fundi aliyeshona atoboe matundu mahali pake na kuyapiga uzi pembeni. Ni kazi ndogo. Ukiwa naye hapo, angalia ubavu wa siti za mbele, upande wa mlango. Ukikuta kibandiko au maandishi ya SRS AIRBAG, basi eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) ya ubavuni iko humo ndani na kava ya kubana itaizuia kufunguka. Upande huo uachwe wazi.

Sasa vuta mkanda wote polepole mpaka mwisho. Tazama kingo zake: nyuzi zilizochomoka, mahali palipoungua kwa sigara, palipokatwa na mlango, palipopauka kwa jua. Mkanda uliochanika kingo unabadilishwa, haushonwi. Wenye vumbi tu unafuliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha unaachwa ukauke kivulini ukiwa umevutwa nje. Usitumie jiki wala rangi, maana hudhoofisha nyuzi. Hili la vumbi si dogo. Watu wengi hawafungi mkanda wa nyuma kwa sababu tu utawachafulia shati jeupe.

Baada ya hapo uachie ujirudishe. Ukirudi kivivu, mara nyingi ni uchafu uliogandamana kwenye pete ya juu unapopitia, ufute. Kisha uvute kwa ghafla, kama mtu anayenyakua kitu. Lazima ukwame. Usipokwama, siti hiyo isikaliwe mpaka mtambo wake ubadilishwe. Mwisho chomeka ulimi kwenye kifungio, usikie mlio, vuta kwa nguvu, bonyeza kitufe uone kama unaruka vizuri. Kifungio kilichomwagikiwa soda kinaweza kulia kana kwamba kimeshika na kumbe hakijashika.

Ukikuta kile kiklipu cha chuma kinachouzwa barabarani ili kunyamazisha kengele, kitupe. Wengine hawana klipu, wanafunga mkanda nyuma ya mgongo kisha wanaukalia. Kwenye magari mengi yenye mwendo wa kujifuatisha na gari la mbele (adaptive cruise control), mfumo haukubali kuwaka mpaka mkanda wa dereva ufungwe. Mwenye klipu ameudanganya mfumo mzima kwamba yuko salama.

Taa ya SRS ni shahidi mzuri

Washa swichi bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi na vikaza mikanda, ile yenye picha ya mtu aliyekaa na mpira mbele yake, inatakiwa iwake kisha izime baada ya sekunde kadhaa. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu kwenye eabegi au kwenye mtambo wa kukaza mikanda. Isipowaka kabisa, jiulize nani ameichomoa. Kuna magari yaliyopata ajali Japani, eabegi zikafunguka, yakanyooshwa bodi na kuuzwa. Njia rahisi ya kuficha ni kuua taa hiyo. Kabla ya kulipa, omba karatasi ya mnada wa Japani, inayoandikwa hali ya gari. Daraja la R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa, na hapo maswali yako yahamie kwenye mikanda na eabegi, rangi ya bodi baadaye.

Jambo lingine la magari ya Kijapani ni eabegi za kampuni ya Takata, iliyofilisika mwaka 2017. Mamilioni kwa mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine yaliitwa yarudishwe kwa sababu kemikali ya kufungulia eabegi huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, kisha hulipuka na kurusha vipande vya chuma. Hali ya hewa ya Tanga, Zanzibar au Malindi ndiyo hasa inayoiharibu. Chukua namba ya chesisi, ingia tovuti ya mtengenezaji ya kuangalia magari yaliyoitwa, au mpelekee wakala wake. Ni kazi ya dakika chache.

Namna ya kufunga

Mkanda wa pointi tatu ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia wengine wautumie bila malipo. Tangu hapo kanuni yake haijabadilika: mzigo wa mwili ubebwe na mifupa, yaani nyonga, kifua na bega. Tumbo na shingo havikuumbiwa kazi hiyo.

Kwa hiyo sehemu ya chini ikae chini ya kitambi, ikigusa mapaja juu ya nyonga. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na katikati ya kifua. Ukikukata shingoni, shusha kile kishikizo cha kwenye nguzo ya mlango. Magari mengi yanacho, wengi hawajawahi kukigusa. Usiupitishe chini ya kwapa hata kidogo, mbavu ndizo zitakazolipa. Ukiisha kufunga, vuta juu kidogo ili ulegevu uishe. Wa Njombe, Mbeya na Limuru wavue jaketi nene kwanza au walifungue mbele, kwa sababu unene wake ni ulegevu uliofichika.

Mjamzito anafunga vilevile: chini kabisa ya tumbo, na wa juu upite kati ya matiti kisha ubavuni mwa tumbo.

Tatizo kubwa la safari ndefu ni kulaza siti. Dar hadi Mwanza, abiria wa mbele analala, siti imelala naye, mkanda uko hewani mbele ya kifua chake. Gari likigonga anateleza chini yake na ule wa chini unapanda tumboni. Anayetaka kulala, alale siti ikiwa wima. Na miguu isiwekwe juu ya dashibodi. Eabegi ikifunguka inapiga kwa kasi ambayo goti haliwezi kuikwepa. Dereva naye aache angalau sentimita 25 kati ya kifua na katikati ya usukani.

Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa hadi nusu. Kenya ililazimisha mikanda kwenye matatu tangu mwaka 2004, kwa kanuni ambazo watu bado wanaziita za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, lakini abiria wengi huufunga wakiona kizuizi cha polisi na kuuachia kikishapita. Aliyekaa nyuma ya dereva bila mkanda ni mzigo wa kilo 70 unaosubiri kumwangukia dereva.

Watoto

Kumpakata mtoto mbele ni jambo la kawaida kwetu na ni baya sana. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Hakuna mikono ya mama inayoshikilia hapo. Kufunga mkanda mmoja watu wawili ni vibaya zaidi, kwa kuwa mtu mzima anamgandamiza mtoto kwa uzito wake wote.

Mtoto mchanga akae kwenye siti yake inayotazama nyuma, iliyofungwa siti ya nyuma ya gari. Isikae mbele palipo na eabegi inayofanya kazi, hata kwa safari ya kwenda dukani. Magari mengi ya Kijapani ya miaka hii yana vishikizo vya chuma vya kufungia siti ya mtoto, viitwavyo ISOFIX, katikati ya mgongo na makalio ya siti ya nyuma. Mkubwa kidogo anahitaji kiti cha kumnyanyua ili mkanda upite begani badala ya shingoni. Akikaribia sentimita 150 anaweza kufunga wa kawaida. Kama uwezo wa kununua siti ya mtoto haupo leo, basi nyuma, na mkanda wake peke yake.

Jua gari lako lina nini hasa

Jina la mfumo halitoshi, kwa kuwa jina moja hubeba vifaa tofauti kwa mwaka tofauti. Tumia macho.

Kwenye Subaru, lenzi mbili zilizoachana juu ya kioo cha mbele ni EyeSight, utaiona kwenye Forester, Impreza na XV. Inapima umbali kwa kamera mbili. Kwenye Toyota, kiboksi kimoja chenye kamera na leza pamoja ni Toyota Safety Sense C, iliyoanza mwaka 2015 kwenye Axio na Fielder. Toleo lake la awali halikutengenezwa kutambua mtu anayetembea kwa miguu, linatafuta magari. Hili waambie wote wanaoliendesha gari hilo. Kamera moja juu, na nembo ya mbele iliyo laini kama kioo cheusi, ni mfumo wenye rada nyuma ya nembo, kama kwenye Prius na C-HR nyingi. Vidude vya duara kwenye bampa ni sensa za maegesho za mawimbi ya sauti. Rada za kuchungulia pembeni zimefichwa ndani ya pembe za bampa la nyuma. Utazijua kwa kitaa kinachowaka kwenye kioo cha ubavuni.

SAE, chama cha wahandisi wa magari, hupanga mifumo hii kwa ngazi za kujiendesha, kuanzia 0 hadi 5. Vilivyo kwenye yadi zetu havizidi 2, hata ProPILOT ya Nissan kwenye Serena na X-Trail. Katika ngazi hizo dereva ni wewe, muda wote.

Kitabu na sauti vikiwa vya Kijapani, tafuta kitabu cha Kiingereza cha modeli hiyohiyo iliyouzwa kwingine, kisha piga picha kila taa ya dashibodi na kuilinganisha. Taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya gari na mistari ya mgongano inaweza kumaanisha kamera imepofuka na mfumo umejizima, na wewe unaendelea ukidhani unalindwa.

Kila jicho na upofu wake

Sensa za maegesho huona karibu tu, na hazipendi vitu vyembamba wala vya chini. Zijaribu mwenyewe sehemu tupu: weka ndoo, halafu kigoda kifupi, halafu nondo iliyosimikwa ardhini. Rudi nyuma taratibu, simama zikilia, shuka upime. Utagundua nondo huenda isionekane kabisa, na kigoda kikipita chini ya bampa mlio unakatika kana kwamba kimeondoka. Kwa watoto wanaocheza uani, zunguka gari kwa miguu kabla ya kuingia.

Kamera inataka mwanga na tofauti ya rangi. Jua la jioni ukitoka Dar kuelekea Morogoro linakupiga usoni, na kamera linaipiga vilevile. Mei 2016, huko Florida, Marekani, Tesla iliyokuwa ikiendeshwa kwa msaada wa mfumo wake iliingia chini ya trela jeupe lililokuwa likikatiza barabara mchana, anga iking'aa. Dereva hakufunga breki, na mfumo haukufunga. Mwaka 2019 chama cha magari cha Marekani, AAA, kilipima magari manne na kukuta kwamba usiku breki za kuwanusuru watembea kwa miguu hazikufaa kitu. Hayo yalikuwa majaribio ya uwanjani, bila bodaboda lisilo na taa.

Rada haijali giza wala vumbi, ila ina udhaifu wake: hutofautisha vitu kwa mwendo. Barabarani vitu vilivyosimama ni vingi, nguzo, vibao, madaraja, na ikivihesabu vyote gari litafunga breki kila dakika. Hivyo ukiwa kasi, gari lililosimama mbele yako linaweza kuchukuliwa kama sehemu ya mandhari.

Sasa unganisha hayo na barabara zetu. Lori limekatika ekseli kati ya Chalinze na Segera, saa tatu usiku, hakuna pembetatu, dereva ameweka matawi ya miti barabarani. Wewe ukiyaona matawi unajua maana yake. Gari lako halijui. Kwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde, na taa za chini humulika makumi machache tu ya mita. Usiku punguza mwendo mpaka uweze kusimama ndani ya kile unachokiona kwa macho yako, na uhesabu kwamba sensa hazipo.

Matuta yasiyopakwa rangi, mashimo, punda wa mkokoteni, mbuzi, waya wa umeme ulioanguka: mifumo hii haikutengenezwa kwa ajili ya vitu hivyo.

Kipi uwashe, kipi uzime

Breki ya dharura, ile inayojifunga yenyewe, iache ikiwaka muda wote, isipokuwa gari likivutwa, likipandishwa kwenye lori la kubebea magari, au likioshwa kwa mashine. Kwenye mteremko wa kuingilia pantoni, Kigamboni au Likoni, watu wakiwa wamekubana pande zote, inaweza kushtuka bila sababu. Nenda polepole na kila mtu awe amefunga mkanda. Usiijaribu kwa kuelekeza gari kwenye ukuta au kwa mtu aliyejitolea. Video za hivyo ziko nyingi, na baadhi zinaisha vibaya.

Mfumo wa kushika mstari unafaa kwenye barabara yenye mistari safi. Palipo na mistari iliyofutika, au ya zamani iliyobaki chini ya mipya, uzime. Ukiuacha ukiwaka, washa indiketa kabla ya kukwepa shimo, la sivyo usukani unaweza kukuvuta urudi kwenye shimo lenyewe.

Mwendo wa kujifuatisha na gari la mbele ni wa barabara kuu, mchana, magari yakiwa machache. Mjini bodaboda huingia mbele yako kwa pembe ambayo rada inachelewa kuiona. Kitonga na mteremko wa Mai Mahiu, uzime. Kona na mteremko vinataka mguu wako na gia yako. Kitaa cha pembeni kinatazama walio nyuma yako kwenye njia ya jirani. Unapotaka kulipita lori kwenye barabara ya njia mbili hakikuambii chochote kuhusu basi linalokuja mbele.

Gereji inavyoua sensa bila kujua

Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera imehamishwa. Kupotoka kidogo tu kwa lenzi, ukipeleka mbele mita 50, kunakuwa upana wa gari zima. Kabla fundi hajagusa kioo, muulize kama ana mashine na vibao vya kalibresheni, yaani vya kuielekeza kamera upya, vya gari lako. Kama hana, abadilishe kioo, kisha gari liende kwa mwenye navyo, na kwa muda huo ulihesabu kama gari lisilo na msaada. Hali ni hiyohiyo baada ya kunyoosha bampa au kugusa mabano ya rada.

Kuinua gari kwa spesa nako kunahesabika. Watu wanainua Fielder na Impreza ili zisikwaruze matuta, na ninawaelewa, lakini kamera iliyowekwa kwa urefu fulani sasa inatazama kwingine. Ngao ya chuma mbele ya nembo huziba rada. Nembo ya mapambo kutoka dukani, rangi juu ya nembo, stika ya bima mbele ya kamera, tinti juu ya kioo, vyote vinafanya kazi moja ya kupofusha. Vaipa zilizochakaa pia, maana kamera inatazama kupitia palepale zinapofuta.

Baada ya ajali

Mtambo wa kukaza mkanda hulipuka mara moja tu, kama eabegi. Mkanda uliobeba mtu kwenye mgongano mkubwa umenyooka nyuzi, hata kama macho hayaoni, na unabadilishwa pamoja na mtambo wake. Usikubali wa kuchomolewa kwenye gari jingine lililogongwa. Makadirio ya bima huorodhesha bampa, taa na rangi kwa haraka, na mikanda, kalibresheni ya kamera na kompyuta ya SRS huachwa nje kwa kuwa hazionekani kwenye picha. Soma orodha mstari kwa mstari, na kama hazimo, zirudishwe humo kabla hujasaini.